Sura ya Tano: Kisanduku Kilichongoja Mlango

Pitchou, fundi cherehani ambaye ukuta wake umegusana na nyumba ya pampu ya Rugenge, anasema aliona kila kitu kwa macho yake. Anasema Jumanne ile umeme ulirudi jogoo hawajamaliza kuwika, yeye akatoka kumwaga maji ya beseni, na hapo akamwona Sylvestre mlinzi anatoka ndani ya nyumba ya pampu kinyumenyume, gunia kalibana kwapani, anatazama kushoto, anatazama kulia, kama mbuzi aliyetoka kula mihogo ya wenyewe. Anasema gunia lilikuwa zito. Anasema ndani mlikuwa na kitu cha pembe nne. Kisha anashusha sauti, ili wanaomsikiliza wasogee, anasema tangu dakika ile pampu haijalia tena.

Noella, aliyeitwa kuja kuitazama pampu, aliisikia habari hiyo mara tatu kabla hajafika mlangoni. Kwa mwendesha pikipiki aliyemtoa Kimanga gunia lilikuwa moja. Kwa muuza ndizi wa njia panda yalikuwa mawili. Kwa Pitchou mwenyewe lilirudi kuwa moja, ila sasa lilikuwa linadondosha mafuta.

Mlangoni pa nyumba ya pampu bidoni za njano za kutekea maji zilikuwa zimepangwa mstari mpaka barabarani. Baadhi ya wanawake walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja, wakateremka kuteka ziwani, na hakuna mtu wa Rugenge asiyejua maji ya ziwa yanaleta ugonjwa gani nyumbani. Ilikuwa Jumanne ya tatu mfululizo pampu inagoma. Komite ya maji ilikuwa imekata shauri: saa nne wanakaa, saa tano Sylvestre anapelekwa polisi kama mwizi wa vyuma vya watu wote. Alikuwa amekalishwa juu ya bidoni iliyopinduliwa, mzee wa miaka hamsini na kitu, mikono kaifumbata katikati ya magoti, wanaume wawili wa komite wamesimama kila upande.

“Karibu kwa kilio, dada Noella,” alisema Donatien, fundi wa kisanduku, ambaye mtaa mzima ulimwita ingénieur. “Umechelewa kuzika.”

“Nani amekufa?”

“Hakuna. Kasanduku ka kuendesha pampu ni kazima, hakana kilema. Jumanne mbili nilikuja hapa, mara zote mbili nikakazima, nikakawasha, kakaamka mbele yangu. Nikienda kwangu, juma likizunguka, kamekufa tena. Ugonjwa gani ule unaogopa daktari? Ile si ugonjwa. Ile ni muntu.”

“Na leo, umeisha kukagusa?”

“Bado. Pitchou alipiga kelele, batu bakafunga mulango tangu asubuhi. Ndiyo nataka niingie nikazime, nikawashe.”

“Usikaguse kwanza.”

Donatien alicheka, akawageukia wanawake wa bidoni ili wacheke naye. “Weye uliishia la sita, minye niko na diplôme, na unanikataza kugusa?”

“Njo maana ninakuomba polepole, ingénieur.”

Wanawake walicheka, ila si upande aliotaka yeye.

Mama Generose, présidente wa komite, alinyanyua mkono. Mama huyo aliongoza kora, kwaya ya parokia, kwa miaka kumi na mbili, na sauti yake haikuhitaji kupandishwa. “Mumuachie. Claire alitusemaka: kasanduku kakileta shida, Noella atakaona wa kwanza. Lakini Noella, mwanangu, saa nne ni saa nne.”

Claire ndiye aliyefunga visanduku vitatu vya maji, cha Rugenge, cha Kimanga na cha Bwegera kwenye mashamba ya mpunga, kabla hajahamia Kalemie. Kisanduku si kikubwa kuliko vipande viwili vya sabuni ya kufulia vilivyobandikwa pamoja: kibao kidogo cha kompyuta cha aina ya ARM kinachotumia mfumo wa Linux, kadi ndogo ya kuwashia, waya unaokwenda kwenye pampu, na diski pembeni iliyogawanywa vyumba, kila kimoja na mlango wake. Umeme, ambao Rugenge hukatika karibu kila usiku, ukirudi, kinaanza kwa kusoma skripti ya kuwashia, mistari michache ya amri inayokiambia mfumo wako umelala wapi, nenda ukauamshe. Mstari mmoja ukikosewa hapo, hakiamki, na pampu hailii.

Kwa hiyo Claire aliwaachia desturi. Anayetaka kubadilisha skripti huandika mistari yake kwanza kwa mkono, ndani ya daftari la kisanduku. Kisha mtu asiyeiandika anaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mstari anauliza kwa nini. Akijibiwa akaridhika, anaweka nukta ya penseli chini ya mstari, anasonga mbele. Kazi ya kusoma alipewa Noella, aliyekuwa anafagia cyber moja, duka la intaneti, la Kimanga. Watu walishangaa. Claire aliwaambia aliyesoma sana huruka mistari, maana anadhani anajua kilichoko mbele. Noella hakudhani. Alisoma.

Alianza na gunia.

“Papa Sylvestre, mule ndani mulikuwa nini?”

“Vitu vyangu.”

“Vitu gani?”

Mzee alitazama wanawake wa bidoni, akatazama chini. “Kama unaniheshimu, mama, usiniulize mbele ya batu.”

“Munasikia?” alisema Pitchou.

“Gunia liko wapi sasa?”

“Juu ya paa ya nyumba yangu.”

Mmoja wa wale wanaume wawili wa komite alitumwa. Alirudi amelishika kwa ncha za vidole, mkono kaunyoosha mbali na mwili, akalitua chini na kurudi nyuma hatua tatu. Noella alilifungua. Blanketi la kijivu, limekunjwa vizuri.

“Kunguni,” alisema Sylvestre kwa sauti ndogo. “Minalala hapa kila siku. Bilinijaa. Nilitaka nikaanike kwenye jua batu bote bakingali mu malazi.”

Kicheko kilipita kwenye mstari wa bidoni kutoka mbele mpaka nyuma, kikarudi. Aliyelibeba gunia alianza kujikuna.

“Lakini lilikuwa na pembe nne,” alisema Pitchou.

“Blanketi ukikunja, linapata pembe ngapi, papa Pitchou?”

Pitchou hakuhesabu.

“Sawa, blanketi,” alidakia Donatien. “Kwani kuua kasanduku kunaomba gunia? Kidole kimoja kinatosha.”

“Ni kweli,” alisema Noella, akaingia ndani.

Hakugusa kitu. Alichuchumaa mbele ya ubao wa ukutani, akatazama muda mrefu kiasi cha watu mlangoni kuanza kukohoa. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Taa ya kijani, ambayo hupepesa kisanduku kikiwa macho, ilikuwa imezimika. Alitoa karatasi, akachora nyuzi zote zinazoingia. Mmoja wa umeme. Mmoja wa pampu. Mmoja wa diski. Na mmoja mwembamba, mweupe, unaotoka kwenye tundu la pili la kuchomekea diski, ukapita nyuma ya ubao na kupotea. Aliuchora wote, hakuuliza kitu.

Alitoa kompyuta yake kuukuu kwenye mfuko wake wa kitenge, akaunganisha waya wa kusikiliza. Waya huo unaonyesha kila neno ambalo kisanduku kinasema kikiamka, hata lile ambalo hakina pa kulisemea.

“Sasa tutazima, tutawasha,” alisema. “Ila muntu asichomoe hata uzi mumoja. Tunataka kaamke vile kaliamka asubuhi.”

“Njo kile kile nilikuwa nataka kufanya,” alisema Donatien.

“Jumanne zile mbili, wakati ulifika, uzi huu mweupe ulikuwa hapa?”

Donatien aliinama, akaangalia. “Hapana. Ule sikuuona.”

Noella alizima, akahesabu kumi, akawasha. Herufi zilianza kuteremka kwenye kioo. Alisoma kwa sauti, kidole kinateremka nazo, na palipokuwa na mstari mgumu alisoma herufi moja moja. Mengine aliyapita baada ya kuyasoma. Mengine aliyageuza Kiswahili, kwa ajili ya waliosimama nyuma.

“Amri imesema: mfumo uko kwenye diski ya kwanza, mulango wa pili. Haya. Kasanduku kameona diski ya kwanza. Ukubwa giga nne. Kameona diski ya pili. Ukubwa giga mia na makumi mbili.” Kidole kilisimama. “Kanangojea mulango.”

Walingoja. Kioo hakikuongeza neno. Nje mtoto alilia, akanyamazishwa.

“Kanangojea mulango gani?” aliuliza Mama Generose.

“Mulango wa pili wa diski ya kwanza. Diski ya kwanza iko na mulango mumoja tu, mama. Katangojea mupaka Yesu arudi.”

Akamgeukia Donatien. “Diski yetu ni ya giga ngapi?”

“Mia na makumi mbili. Minye njo niliinunua.”

“Basi ile ya giga nne ni ya nani?”

Noella alipitisha mkono nyuma ya ubao, akaufuata uzi mweupe mpaka mwisho wake. Kwenye ukingo wa dirisha, kamefungwa ndani ya leso safi ili vumbi lisikaguse, palikuwa na karadio kadogo kekundu, kale kanakorekodi na kupiga nyimbo kwenye kadi. Alikatoa kadi, akasoma ubavuni mwake: giga nne.

“Papa Sylvestre, hii?”

“Kanachaji,” alisema mzee kutoka kwenye bidoni yake. “Kila muntu wa barabara hii anachajia hapa. Hiyo moja uzi wake hauingii mu prise ya ukuta, njo nikautia kwa kasanduku. Nilikosea?”

“Ni ya nani?”

Sylvestre alikuwa tayari kwenda polisi, lakini jina hilo hakulitoa.

“Ni yangu,” alisema Mama Generose.

Watu waligeuka wote kwa pamoja.

“Kazi ya kora. Tunarekodi mazoezi Jumatatu jioni, ninamuachia Papa Sylvestre kakalale hapa kakichaji, asubuhi ninatuma muntu kukachukua.” Kisha akamaliza mwenyewe. “Kabla ingénieur hajafika.”

“Na leo?”

“Leo mulifunga mulango.”

Hapo Noella alimwangalia Pitchou, na safari hii kwa shukrani ya kweli. Kelele zake za asubuhi ndizo zilizofunga mlango, na mlango uliofungwa ndio uliokihifadhi kitu ambacho Jumanne mbili kilitoroka mbele ya macho ya fundi.

Alieleza kwa maneno machache. Karadio kenye kadi, kakichomekwa kwenye kompyuta, kanajitambulisha kuwa diski. Kisanduku kinawahesabu wageni jinsi wanavyofika. Karadio ni kadogo, kanawahi, kanapewa namba ya kwanza. Diski ya kweli inafika nyuma yake, inapewa ya pili. Na skripti imesema nenda kwa namba ya kwanza.

“Sasa hapo umeanguka,” alisema Donatien, na uso wake ulikunjuka. “Skripti haisemi namba. Claire alitukataza namba. Skripti inatafuta diski kwa alama yake, ile ndefu ambayo haifanani na ya mwingine. Karadio hata kawe kumi, alama haibadiliki. Tazama.” Alichukua kompyuta, akazima kisanduku, akakitoa kadi yake ya kuwashia na kuisoma, akafungua faili. “Soma, msomaji.”

Noella alisoma. Ilikuwa kweli. Mstari ulikuwa na alama, herufi na tarakimu zote mahali pake. Minong’ono ilianza mlangoni, na mmoja wa wanaume wa komite akamshika Sylvestre bega tena. Saa ya Mama Generose ilikuwa inasema saa nne kasoro dakika kumi.

Noella alisoma mstari ule mara ya pili. Kisha akarudi kwenye maneno ya kisanduku, akauweka kidole pale palipoandikwa diski ya kwanza, mlango wa pili.

“Faili inasema alama. Kasanduku kanasema namba. Mumoja anadanganya, na kasanduku hakajui kudanganya.”

“Unataka kusema nini?”

“Hii umenionyesha ni mbichi, ingénieur.”

Wanaoshughulika na vibao hivi wanajua neno hilo. Skripti inayosomwa na mtu ni mbichi. Kisanduku hakiwezi kuila hivyo. Lazima ipikwe kwa amri yake, itoke faili nyingine, na hiyo iliyopikwa ndiyo inayosomwa na kisanduku umeme ukirudi. Ukibadilisha mbichi bila kupika, umebadilisha karatasi tu. Kisanduku kinaendelea kula chakula cha juzi.

Noella alifungua orodha ya faili, akaweka kidole kwenye tarehe.

“Mbichi iliguswa tarehe makumi mbili. Siku ya Mungu, Jumapili ya juzi. Iliyopikwa ni ya tarehe tano. Jumanne ya kwanza pampu kukufa ilikuwa tarehe nane.” Akaivuta ile iliyopikwa, akatafuta ndani yake maneno yanayosomeka. “Na ndani ya iliyopikwa, haya: diski ya kwanza, mulango wa pili. Mama présidente, unaweza kuja kuangalia?”

Mama Generose alikuja, akavaa miwani, akaangalia.

“Sasa munipe daftari.”

Daftari lilikuwa juu ya msumari. Noella alilipeleka kwa présidente, akamwomba alifungue mwenyewe, kutoka mwanzo. Kurasa zilipita. Chini ya kila mstari wa kila ukurasa palikuwa na nukta ndogo ya penseli, nyingine zimefifia, nyingine zimechimba karatasi mahali ambapo msomaji alibishana na mwandishi. Tarehe ishirini haikuwamo kabisa. Tarehe tano ilikuwamo, kwa mwandiko mzuri wa Donatien: diski mpya, mfumo uko diski ya kwanza mlango wa pili. Chini yake: Imesomwa na Noella.

Mama Generose aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Akaugeuza, akaurudisha.

“Hakuna nukta hata moja,” alisema.

“Hapana,” alisema Noella. “Tarehe tano nilikuwa Bwegera. Hakuna muntu aliniita.”

Donatien alikaa juu ya mfuko wa saruji. Alipangusa uso kwa kiganja, toka paji mpaka kidevu.

“Diski ya zamani ilikufa,” alisema. “Nikaweka mupya. Alama yake ni ndefu, batu banapiga bidoni kwa mulango, nikasema nitaandika namba kwanza, alama nitarudia kesho.” Alimtazama Noella kwa mara ya kwanza. “Nikasahau kesho. Siku ya Mungu nikakumbuka, nikaja peke yangu, nikarekebisha, nikawasha. Kakaamka muzuri. Nikajua nimekaponyesha.”

“Bila kupika.”

“Bila kupika. Na leo kakakufa tena. Minye nikajua, basi kweli, ni muntu.”

“Ulijua ni muntu,” alisema Mama Generose, “na jina lako ukaliacha nyumbani.”

Mwanamume wa komite aliondoa mkono wake begani kwa Sylvestre, akautia mfukoni.

“Tuandike,” alisema Noella.

Donatien aliandika yeye, ukurasa mpya, mbele ya mlango uliojaa vichwa. Safari hii aliinakili alama yote kutoka kwenye diski. Noella alisoma kwa sauti ya kutosha kumfikia mwenye bidoni ya mwisho, na hakuna aliyemharakisha, ijapokuwa saa nne ilikuwa imefika na kupita.

“Kwa nini alama, si namba?”

“Sababu namba inabadilika mugeni akiwahi.”

Nukta.

“Kwa nini mulango wa pili?”

“Sababu wa kwanza uko tupu. Mfumo umelala mu wa pili.”

Nukta. Mistari saba, nukta saba. Katika mstari wa tano alikataa kuiweka, maana tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na Donatien alizifuta, akaziandika upya bila kubisha. Mwanamke mmoja nje alisema huyu wa la sita anasomesha mwalimu, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha ikaandikwa kwenye faili mbichi, ikapikwa. Noella aliangalia tarehe ya faili iliyopikwa, akaisoma nayo kwa sauti: leo.

Kadi ilirudishwa. Donatien alinyoosha mkono kuchomoa uzi mweupe.

“Uache,” alisema Noella. “Karadio kabaki. Kama ni kupona, kapone mbele ya ugonjwa wake.”

Umeme uliwashwa. Herufi ziliteremka. Diski ya kwanza, giga nne. Diski ya pili, giga mia na makumi mbili. Mstari wa kungoja mlango ulikuja, na kabla kidole cha Noella hakijaufikia ulikuwa umekwisha kupitwa na mwingine, na mwingine, kioo kizima kinakimbia. Taa ya kijani ilipepesa. Kitu kiligonga ndani ya ukuta, mara moja, kwa uzito, na chini ya miguu yao pampu ililia.

Hata kabla maji hayajatokea mabomba yalikohoa upepo, na wanawake walikuwa wamekwisha kupiga vigelegele kwa kikohozi peke yake. Halafu maji yakaja, kahawia kidogo, kisha meupe. Mtu alimnyanyua Noella kwa makwapa kama mtoto, akamtua. Alisema subiri, bado. Akazima tena. Kelele zilikatika. Akachomoa karadio, akawasha. Pampu ikalia. Akakarudisha, akazima, akawasha. Pampu ikalia mara ya tatu, na hapo ndipo alipoifunga kompyuta, na hapo Pitchou alikuwa anawaeleza waliofika wakiwa wamechelewa kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni gunia tu.

Mama Generose alitoka nje. Alivua miwani. Watu walimwachia njia mpaka mbele ya Sylvestre, ambaye alikuwa amesimama, bidoni yake ya kukalia mkononi.

“Papa Sylvestre,” alisema, na sauti yake ya kora ilifika mpaka barabarani. “Tulikukalisha chini kama mwizi. Minye wa kwanza, na kitu kilikuwa changu. Mbele ya batu hawa bote tulikuhukumu, na mbele yao bote minakuomba: sema kama umetusamehe.”

Bombani maji yaliendelea kumwagika.

Sylvestre aliigeuza ile bidoni, akaiangalia ndani, akapuliza vumbi. Alitembea mpaka bombani, akamwambia mwanamke wa mbele asogee kidogo, akaiweka chini ya maji. Akachuchumaa kuishika isianguke. Mama Generose alisimama nyuma yake, miwani mkononi, akingoja. Bidoni ilijaa mpaka shingoni, maji yakamwagika juu ya vidole vya mzee, naye hakuuondoa mkono. “Lete na yako, mama,” alisema.